Inchi tatu za bodi kwenye Hilux ya Kibosho

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Kibosho, Moshi. Nina Hilux Vigo 3.0 ya kabini mbili, gia za mkono, tairi 265/65R17. Masika barabara ya kwetu ni tope tupu, na tumbo la gari linakwaruza mgongo wa katikati ya njia. Nimepata fundi hapa mjini anayesema atanyanyua bodi inchi 3 kwa siku moja. Spesa atazikata kwenye bomba la chuma, kisha nifunge tairi za inchi 33. Bei yake imenivutia. Kuna ugumu gani ambao hanielezi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ugumu upo, tena mwingi, na nitaupitia mmoja mmoja. Ila tuanze na lile ambalo fundi wako alipaswa kukuambia kabla hajataja bei: kunyanyua bodi hakutaliinua tumbo la gari lako hata kwa milimita moja.

Hilux ni gari la chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini yake. Injini, giaboksi, difu zote mbili, springi na tangi la mafuta vinabebwa na chesisi pamoja na eksili zake. Kabini na bodi ya nyuma vimekalishwa juu yake, katikati kuna raba, na bolti imepita kushikilia. Kunyanyua bodi ni kulegeza bolti hizo, kuingiza kipande kati ya raba na bodi (ndiyo hiyo spesa), na kufunga tena kwa bolti ndefu. Chesisi haijui kama kuna kilichotokea. Pima leo kutoka ardhini hadi chini ya difu la nyuma, halafu pima tena baada ya kazi: kipimo ni kilekile. Kitakachopanda ni kiti chako, boneti na madirisha. Utaona mbali zaidi juu ya migomba, lakini difu litaendelea kulima.

Kwa hiyo kabla ya yote lala chini ya gari na tochi, utafute mahali palipong'arishwa na mawe. Kama ni bamba la chini ya injini au boriti ya chesisi inayobeba giaboksi, unahitaji kunyanyua chesisi, yaani kazi ya springi. Kama ni kitumbo cha difu la nyuma, hapo ni tairi kubwa tu itakayosaidia, kwa sababu difu hilo limo ndani ya eksili na eksili imekaa kwenye tairi. Kama ni ngazi za pembeni za kukanyagia, zivue uziweke stoo, kazi imeisha na hujalipa mtu.

Faida halisi ya kunyanyua bodi ni nafasi ya tairi. Madigadi yanapanda, tairi kubwa inapata pa kuzungukia, na springi zako, shokapu na pembe za shafti za mbele hazijaguswa, hivyo gari linabaki na ulaini wake uleule. Hiyo ni faida ya kweli na siibezi. Sasa tuone hizo 33 zitakupa nini.

Tairi yako ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Wanayoiita 33 kwa rimu ya 17 huwa ni 285/70R17, yenye milimita 831 hivi. Tofauti ni 55, lakini nusu yake inakwenda juu ya eksili na nusu chini, kwa hiyo difu litapanda milimita 27, hazifiki sentimita tatu. Kwa upande wa gharama, gari linakuwa kama limeongezewa gia ya mwendo kwa asilimia 7. Mlima wa Kibosho utakaoupanda ukiwa na mzigo utadai gia ya chini zaidi, breki zitakuwa na gurudumu zito zaidi la kusimamisha, na spidomita itasoma pungufu ya ilivyokuwa ikisoma. Mahali ambapo zamani mshale wa 50 ulikuwa 50, sasa utakuwa unakimbia 53 na nusu. Kwenye vibao vya 50 vya barabara ya Moshi kwenda Arusha, pale askari anapokaa kivulini na tochi yake ya kupimia mwendo, hesabu hiyo utaifanyia kando ya barabara.

Lipo jambo jingine kuhusu 33 kwenye Vigo ambalo wengi hulijua tairi zikishafungwa. Nyuma tu ya tairi ya mbele, chini ya kona ya kabini, kuna mkono wa chesisi unaobeba raba ya kwanza ya kabini. Ukikata kona hadi mwisho huku unarudi nyuma, tairi pana huusugua mkono huo. Mkono ni wa chesisi, kwa hiyo hata ukiinyanyua bodi inchi 10, wenyewe utabaki mahali pake. Dawa yake ni kuukata na kuuchomelea bamba upya, yaani kufanyia upasuaji sehemu inayobeba kabini yako. Na kama utafunga rimu zilizotokeza nje ili gari "lisimame vizuri", msuguano utaongezeka, maana tairi inachora duara kubwa zaidi inapokata kona.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Bolti ndizo zinazokula muda. Vigo ilitoka kati ya 2004 na 2015, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imeshatimiza miaka kumi. Kama gari lilishaishi Tanga au Dar kwenye hewa ya chumvi, au lilishapelekwa sana kwenye vumbi la magadi upande wa Natron, bolti za bodi zimeshaungana na nati zake. Ugumu ni kwamba baadhi ya nati hizo zimefichwa ndani ya boksi la sakafu ya kabini, zimeshikwa na kikapu chembamba cha bati. Fundi akilazimisha kwa baa ndefu, kikapu kinaachia na nati inaanza kuzunguka pamoja na bolti. Hapo hakuna spana inayofika. Itabidi kung'oa viti na zulia, kutoboa sakafu, kuishika nati kwa juu, na baadaye kuziba bati na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Nimeona kazi ya "siku moja" ikikwama juu ya nati moja kuanzia asubuhi hadi jioni, gari limening'inia upande, mwenye gari anapiga simu kila saa.

Kinga yake ni uvumilivu. Wiki nzima kabla ya kazi, kila jioni, puliza mafuta ya kulainisha kutu kwenye kila bolti, kwa juu pale unapoweza kufika na kwa chini. Siku ya kazi, bolti inapoanza kulegea isifunguliwe moja kwa moja. Izungushwe nusu mzunguko, irudishwe, ipakwe mafuta, iendelee. Ikilia kwa sauti kavu ya mkwaruzo, simama. Moto wa gesi usaidie pale tu ambapo raba haipo karibu, maana raba ikiungua umejiongezea spea ya kununua. Na raba zenyewe zikaguliwe wakati huohuo. Ya miaka kumi na zaidi mara nyingi imepasuka na kubonyea, na kuweka spesa mpya juu ya raba iliyokufa ni kazi utakayoirudia.

Kuhusu spesa za bomba, jibu langu ni fupi: hapana. Bomba linakaa kwa ukingo wake. Ukingo huo unakata raba polepole, na kama fundi alikata kwa grinda bila kunyoosha, kila kipande kina urefu wake na kinaegemea upande wake. Ndani bolti inacheza kwa sababu tundu ni kubwa kuliko yenyewe. Ukifunga breki kwa nguvu, kabini nzima inataka kwenda mbele na chesisi inataka kusimama, na zinazobishaniwa hapo ni bolti. Kadiri spesa inavyorefuka ndivyo bolti inavyopindwa zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kukataa inchi 3. Mwisho wangu kwa gari la kazi ni inchi 2, na moja ni bora zaidi ikitosha.

Spesa nzuri ni kipande kizima cha nailoni ngumu au aluminiamu, kilichochongwa kwenye mashine ya lezi. Kipenyo chake kilingane na washa kubwa ya raba, kiwe na tundu linaloibana bolti bila kucheza, na chini kiwe na kidomo kinachoingia kwenye tundu la raba ili kisiteleze. Arusha mafundi wa lezi wa kazi hii wapo, mtaa wa Unga Limited hukosi, na Moshi wapo pia. Mpelekee raba moja na bolti moja kama sampuli, asikisie. Kanada na Marekani vijana walikuwa wakitumia vile visahani vya raba vya mchezo wa magongo ya kwenye barafu, kwa kuwa vina unene wa inchi moja kamili. Sisi tusio na barafu tumebaki na lezi, na ni heri. Usikubali spesa mbili zipangwe moja juu ya nyingine, na usikubali mbao, hata kama ni mninga.

Bolti mpya zirefuke kwa kipimo cha spesa, ziwe na nyuzi zilezile za zamani, na kichwani ziwe zimeandikwa 8.8 au 10.9. Kama kichwa hakina namba, iache dukani. Wapo wanaokata ile fimbo ndefu ya nyuzi inayouzwa kwa mita na kuifunga nati pande zote mbili. Hiyo ni ya kushikilia dari, haifai kushikilia kabini yenye watu watano.

Hadi hapo ni mambo ya bolti. Sehemu ya hatari zaidi ni stelingi.

Usukani wako umefungwa kwenye bodi. Boksi la stelingi limefungwa kwenye chesisi. Katikati yake kuna kishafti chenye meno, kinachoingia ndani ya mwenzake na kubanwa na bolti. Ukipandisha bodi inchi 2, ncha hizo mbili zinaachana kwa kiasi karibu na hicho, na meno yanayoshikana yanapungua. Niliwahi kuletewa pikapu iliyonyanyuliwa mahali pengine, mwenyewe akilalamika kwamba usukani "unacheza kidogo". Tulipofungua kishafti, meno yalikuwa na alama mbili zinazoonekana wazi: sehemu ya zamani, nyeusi kwa grisi na vumbi, ndefu kama nusu ya kidole, na mbele yake ukanda mpya unaong'aa, mwembamba kuliko ukucha. Ukanda huo ndio uliokuwa unashika. Bolti ya kubana ilikuwa imekazwa kisawasawa, ila haikuwa imepita kwenye kijishimo chake, ilikuwa inabana kwa msuguano tu. Gari hilo lilikuwa limetoka kuteremka Marangu.

Kwa inchi moja, kishafti cha kawaida mara nyingine kina nafasi ya kutosha ya kuteleza, lakini hilo lipimwe na lisikisiwe: weka alama ya rangi kabla ya kunyanyua, uone meno yamebaki kiasi gani. Kwa inchi 2 tafuta kipande cha kurefushia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, au kishafti kirefu zaidi. Kukikata cha zamani na kukichomelea katikati kipande cha nondo usikubali, hata kama aliyeshika mashine ni bingwa. Na mkumbushe fundi jambo hili: kishafti kikiachanishwa, usukani usizungushwe hata kidogo. Ndani yake kuna utepe wa waya wa eabegi uliojiviringisha, na ukizungushwa kupita kiasi unakatika. Magurudumu yanyooshwe mbele, usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti, ndipo kazi ianze.

Linalofuata kwa uzito ni feni. Rejeta imefungwa kwenye bodi, na feni imefungwa kwenye injini, ambayo ni ya chesisi. Bodi ikipanda, rejeta inapanda na kava la feni pamoja nayo, lakini feni inabaki. Uwazi kati ya ncha za feni na kava ni wa kidole hivi, wewe umepandisha sentimita tano. Ukiwasha tu utasikia feni inakula kava kwa chini, na ikikatika bawa, bawa hilo linaingia kwenye rejeta. Fundi mvivu hulivua kava akalitupa, na gari linatembea vizuri mjini. Lipeleke Kibosho na mzigo wa ndizi, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, jua la saa nane. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta, na mshale wa joto unaanza kupanda. Suluhisho sahihi ni kutengeneza vishikizo vya kuishusha rejeta kwa kipimo kilekile ulichopandisha bodi, ili ikae mbele ya feni kama zamani. Hapo hata mipira ya maji haitavutwa.

Kwa kuwa yako ni 3.0, angalia na boneti. Lile tundu la kuingizia upepo linapuliza juu ya rejeta ndogo ya kupoza hewa ya turbo, iliyokaa juu ya injini. Boneti ikipanda, sponji ya kuzibia haifiki tena, na upepo unatawanyika pembeni. Gari litapungua nguvu taratibu na hutajua kwa nini. Sponji nene zaidi inatosha, ilimradi mtu akumbuke kuiweka. Karibu na hapo pitia mpira unaotoka kwenye boksi la chujio la hewa kwenda kwenye turbo: boksi limepanda, turbo haijapanda. Ukipasuka au ukichomoka kidogo, turbo itaanza kula vumbi, na kwa vumbi la huku hiyo ni injini inayokufa mapema.

Gia nazo. Mkono wa gia unatoka kwenye giaboksi na kupenya tundu la sakafu. Sakafu ikipanda, mkono unakuwa mfupi na unagonga ukingo wa tundu kwenye gia za mwisho wa mkono. Dalili yake ni gia inayochomoka yenyewe kwenye makorongo. Wa gia ndogo za kuvutia magurudumu yote manne ni vilevile, na huo ndio utakaouhitaji kwenye tope. Tundu lipanuliwe au mkono upindwe, kisha gia zote zijaribiwe moja moja gari likiwa limesimama, rivasi ikiwemo, kabla hujalipa.

Vingine ni vidogo, ila ni vingi na kila kimoja kinaweza kukulaza njiani. Mpira wa kujazia mafuta: tangi liko kwenye chesisi, mdomo uko kwenye bodi ya nyuma. Ukivutika unajibana, na pampu ya kituoni itakuwa inakata kila baada ya lita mbili, au mpira utachomoka na dizeli imwagike chini. Mapaipu ya breki yanayotoka kwenye silinda kuu iliyo kwenye bodi kwenda kwenye chesisi yana mikunjo inayoweza kuachiliwa kidogo, lakini yakunjwe kwa mkono na taratibu, na yanayobaki yamekaza kama uzi yatengenezwe mengine. Mpira wa klachi ni hivyohivyo. Kebo ya handbreki ikivutika itakuwa inashika breki za nyuma bila wewe kujua, hadi unuse harufu. Mipira ya hita na ya easi (kiyoyozi) nayo iangaliwe. Waya wa ethi kati ya injini na bodi, ambao ukikatika gari linaanza vituko vya umeme ambavyo fundi umeme atavitafuta wiki nzima, taa zinafifia ukipiga honi, mishale inaruka. Vyote hivi vikaguliwe bodi ikiwa imenyanyuliwa nusu, kabla ya kufika juu kabisa. Anayeinyanyua yote kwa mkupuo ndipo aangalie kilichokatika, huyo amekuuzia bahati nasibu.

Kazi yenyewe ikifanyika inavyotakiwa huenda hivi. Betri ikatwe kwanza, magurudumu yawekewe vigingi, gari liwe sakafu tambarare. Bolti za upande mmoja zitolewe, za upande wa pili zilegezwe tu, zibaki zimeshika. Jeki ipewe ubao mrefu chini ya kizingiti cha mlango, maana ikikaa peke yake kwenye sakafu itabonyeza bati. Inyanyuliwe kidogo, ikaguliwe, inyanyuliwe tena, ukiwekwa ubao wa usalama kati ya bodi na chesisi kila hatua. Hakuna kuingiza vidole pale katikati kabla ubao haujaingia, na hili mwambie hata kijana wa kushika tochi. Kabini ikikamilika, bodi ya nyuma ifanyiwe vilevile siku hiyohiyo na kwa kipimo kilekile, la sivyo gari litaonekana limevunjika mgongo. Bolti zote zikazwe kwa mwisho, gari likiwa chini kwa uzito wake.

Kwa mafundi wawili wanaojua, na kutu isiyo mbaya, mimi naihesabu siku mbili hadi tatu. Siku moja inawezekana kwa kuruka nusu ya niliyoyaandika hapo juu.

Utakapolipokea utaona bampa ya mbele imebaki chini na grili imepanda, kuna mwanya unaoweza kupitisha ngumi. Bampa ni ya chesisi. Inabidi vishikizo vyake vihamishwe, na kama una bampa nzito ya chuma hiyo ni kazi ya kuchomelea peke yake. Taa pia zimepanda, zishushwe mwanga siku hiyohiyo. Barabara ya Arusha usiku ina wapofushaji wa kutosha.

Baada ya hapo endesha kwa upole kama kilomita 500, urudi bolti zikaguliwe na kukazwa tena, kwa sababu raba na nailoni vinajikalisha. Safari ya kwanza isiwe ya mbali. Nenda Boma Ng'ombe urudi, redio imezimwa, sikiliza. Halafu panda kwenu ukiwa na mzigo, jicho kwenye mshale wa joto. Kama una bima kubwa, mwandikie wakala wako kwamba gari limebadilishwa, kwa maandishi na si kwa simu, kabla ya ajali na si baada yake. Mkaguzi wa magari wa polisi naye ana haki ya kuuliza, na utakuwa mahali pazuri zaidi ukimwonyesha bolti zenye namba kuliko ukimwonyesha mabomba.

Kama ungekuja gereji kwangu na fedha hiyohiyo, ningekushauri hivi. Springi mpya za mbele na shokapu zake, zinazonyanyua milimita 40 hivi. Nyuma majani ya springi mapya, maana nina hakika yako yameshalala kwa kubeba ndizi. Na tairi za 265/70R17 zenye meno ya tope. Tairi hizo zina kipenyo cha milimita 803 hivi, yaani difu la nyuma linapata milimita 13. Lakini difu la mbele la Vigo limefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo lenyewe, bamba la injini na sehemu yote ya mbele ya tumbo vinapanda zaidi ya sentimita tano, bila kugusa usukani, feni wala mkono wa gia. Usizidishe milimita 50 kwenye springi, la sivyo shafti za mbele zitafanya kazi kwa pembe kali na mipira yake ipasuke. Fanya alaimenti. Na kama nyuma kuna valvu ya breki yenye kijiti kinachoshuka hadi kwenye eksili, kirekebishwe, maana nyuma ikipanda valvu hiyo hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma.

Ukishafanya hayo na masika moja ikapita, ukaona bado unahitaji tairi kubwa zaidi, inchi moja ya spesa juu yake ni kazi nyepesi, na wengi huishia hapo. Kwa sasa anza na tochi na futi kamba. Nipimie vitu vitatu gari likiwa tupu na upepo wa tairi ukiwa sawa: kutoka ardhini hadi difu la nyuma, hadi bamba la injini, na hadi boriti ya giaboksi. Piga na picha ya palipokwaruzwa na ya bolti moja ya kabini kwa chini, nione kutu yake, ndipo nikutajie spea za kununua.